Maktaba ni ya umma, lakini umma gani?

Siku nilipoacha chuo, kitu cha kwanza nilichopoteza hakikuwa marafiki. Kilikuwa kiti. Kiti cha mbao, ghorofa ya pili ya maktaba ya chuo, karibu na dirisha na ile soketi moja iliyokuwa ikifanya kazi. Karo ilikwama, semista ikaniacha, kadi yangu ikazimwa. Wiki moja baadaye nilirudi nikidhani soja wa mlangoni, ambaye tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi, angeniachilia nipite. Alinitazama kwa huruma. "Pole kijana wangu," akasema, "mashine imekukataa."

Mashine imekukataa. Hayo maneno nimeishi nayo hadi leo.

Usiniambie ningeenda saiba. Saiba inahesabu dakika, na dakika ni pesa. Nyumbani nako ni chumba kimoja. Dogo anataka meza ya kufanyia homework, jirani amefungulia redio ya mtaa mzima, na mama akirudi kutoka kazini anahitaji kupumzika, si kuniona nimetandaza makaratasi kitandani. Nikasema sawa, kuna maktaba za umma. Jina lenyewe linasema: umma. Mimi si umma?

Nikapewa fomu. Jina, nambari ya kitambulisho, picha mbili, pesa kidogo, sahihi ya mdhamini aliyeajiriwa. Halafu kukawa na mstari mmoja umeandikwa: taasisi. Niliushikia kalamu kwa muda mrefu. Shule nilimaliza. Chuo nimeacha. Kazi ni za kuokoteza hapa na pale. Mdhamini aliyeajiriwa nitamtoa wapi, na mtaani kwetu kila mtu ni bosi wa kibanda chake? Niliikunja ile fomu, nikaitia mfukoni, nikaondoka.

Hakuna aliyenifukuza, kumbuka. Hakuna aliyenitusi. Fomu tu ilikuwa imeandikwa ikimfikiria mtu mwingine. Na hapo ndipo nilianza kujiuliza: ni wangapi wamekunja fomu kama yangu?

Simba wawili na kamba ya rangi

Kama umewahi kupita Banda Street katikati ya jiji, umeiona. Jengo jeupe lenye nguzo kubwa kama la sinema za Warumi, simba wawili wa mawe wamelala kwenye ngazi, na Msikiti wa Jamia uko jirani tu. Hiyo ndiyo McMillan Memorial Library. Wasee wengi hupiga picha na simba halafu wanaenda zao.

Ilifunguliwa 1931. Lucie McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyekuwa na mashamba makubwa nchini na ambaye alifariki 1925. Wakfu wa Carnegie ulichangia. Hata ina sheria yake yenyewe ya Bunge, majengo machache sana nchini yana heshima hiyo. Lakini kwa zaidi ya miaka 25 ya kwanza, Mwafrika angeweza kupanda zile ngazi kwa sababu moja tu: kufagia. Ilikuwa ya Wazungu. Ni 1958, baraza la jiji lilipoichukua, ndipo milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote.

Hebu waza. Shosho yako, kama aliishi Nairobi miaka hiyo, alipita mbele ya nyumba iliyojaa vitabu na hakuruhusiwa kugusa hata kimoja. Waafrika waliotaka kusoma walitegemea njia nyingine. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948, ilikuwa ikituma vitabu kwa masanduku na kwa posta. Wenye jengo walikuwa na jengo, wengine walipata sanduku.

Baada ya uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya 1965 iliyounda bodi ya huduma za maktaba za taifa, ile tunayoiita KNLS. Leo ina historia ya matawi zaidi ya 60 kote nchini, na Maktaba ya Taifa iko kule Upper Hill. Hakuna kibao cha rangi mlangoni tena. Ukiuliza afisa yeyote atakwambia maktaba ni ya kila mtu, na hatakuwa anadanganya.

Lakini kufuli si lazima ionekane ndiyo ifunge.

Kufuli zisizoonekana

Kufuli ya kwanza ni pesa. Ada ya kuingia inaweza kuwa ndogo, hata kidogo kuliko chapati na chai. Lakini jumlisha nauli ya matatu kwenda na kurudi, jumlisha chakula cha mchana kwa sababu huwezi kuingia na kontena ya githeri, jumlisha siku nzima ambayo hukufanya kibarua. Mtoto wa Kilimani na mtoto wa Mukuru wanalipa ada ileile, ndiyo, lakini hawailipi kwa mfuko uleule. Usawa si kumpa kila mtu kiatu namba nane.

Tangazo la kimataifa la maktaba za umma, linalotolewa na IFLA na UNESCO na lililofanyiwa marekebisho 2022, linasema maktaba ya umma kimsingi iwe bila malipo, na imhudumie kila mtu bila kujali umri, kabila, jinsia, dini, uraia, lugha au hali yake ya maisha. Si ndoto ya blogu ya msee aliyeacha chuo. Ni msimamo ambao wakutubi wenyewe duniani wameukubali.

Kufuli ya pili ni saa. Maktaba nyingi hufungua watu wakienda kazini na kufunga wakitoka. Fundi wa jua kali, dem wa saluni, msee wa bodaboda, mama mboga: hawa wote wanatoka kazini giza limeingia. Ukifungua asubuhi na kufunga jioni, siku za wiki, umeshachagua wasomaji wako bila kusema neno. Umechagua wanafunzi na wasio na kazi. Na hao wasio na kazi ndio haohao wanaoulizwa taasisi yao.

Kufuli ya tatu ni karatasi. Kitambulisho cha taifa kwa wengi wetu ni kitu cha kawaida, unaenda kwa chifu, unapigwa picha, unangoja. Lakini uliza vijana Wanubi wa Kibra, au Wakenya Wasomali, jinsi wazazi na ndugu zao walivyopigwa maswali kwa miaka mingi kabla ya kupewa kile kipande cha plastiki. Uliza mkimbizi aliyezaliwa Dadaab. Ukisema "bila kitambulisho huwezi kuazima kitabu", umemwambia huyo kijana kwamba hata hadithi inahitaji kibali.

Kufuli ya nne sijui niipe jina gani. Ni jicho. Lile jicho linalokupima mlangoni kutoka viatu hadi nywele. Kama una dredi na begi limechakaa, unafunguliwa begi mara mbili. Kama wewe ni kijana wa mtaani umetafuta mahali pa kukaa mvua ikinyesha, hufiki hata kwenye meza. Kama ni mama umebeba mtoto mchanga, akilia mara moja tu kila kichwa kinageuka. Hakuna sheria iliyoandikwa ya kumfukuza mama huyo. Atajifukuza mwenyewe.

Hata rafu zina mabosi

Hapa nataka uje pole pole, kwa sababu hii ndiyo ilinishtua zaidi.

Umewahi kuona zile nambari kwenye mgongo wa kitabu cha maktaba? Mara nyingi ni mfumo wa Dewey, uliotungwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza 1876. Maarifa yote ya dunia yamegawanywa katika makundi kumi, kuanzia 000 hadi 999. Ni mfumo mzuri wa kutafutia kitabu. Lakini tazama nani alipewa nyumba kubwa na nani alipewa kichumba.

Dini ni 200. Ukristo umechukua kutoka 220 hadi 280 na kitu. Uislamu wote, na Qurani yake na sheria yake na historia yake ya miaka zaidi ya 1,300, umebanwa kwenye 297. Dini za jadi za Afrika zimewekwa 299, pamoja na "nyinginezo". Sasa kumbuka kwamba McMillan na Msikiti wa Jamia ni majirani.

Fasihi ni 800. Wamarekani wana 810 yote. Waingereza wana 820 yote. Fasihi ya lugha zote za Afrika, Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Kiyoruba, Kizulu, zote zinagawana 896, zikitofautishwa kwa desimali. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwa Kikuyu juu ya karatasi ya chooni akiwa kizuizini Kamiti, ikachapishwa 1980 kama Caitaani Mũtharaba-inĩ. Ukifuata mfumo huu neno kwa neno, kazi ile inaishi kwenye pointi ya desimali.

Dewey mwenyewe hakuwa malaika. Klabu yake ya mapumziko huko Lake Placid ilikuwa ikiwakataza Wayahudi na watu weusi, na 2019 chama cha maktaba cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye tuzo yake kubwa, kwa sababu ya ubaguzi huo na jinsi alivyowasumbua wanawake.

Simaanishi tuchome nambari zote kesho asubuhi. Namaanisha kwamba mkutubi anaweza kuamua. Anaweza kuweka rafu ya Kiswahili mbele, pale mtu anapoingia, badala ya kule nyuma karibu na choo. Anaweza kutoa vitabu vya lugha za mama zetu kwenye kabati lililofungwa. Anaweza kununua vichekesho vya michoro, riwaya za vijana wa hapa, vitabu vya uundaji wa programu, si vitabu vya KCSE pekee. Kijana anaingia maktaba mara ya kwanza kutafuta mtihani. Anarudi mara ya pili kujitafuta mwenyewe. Asipojiona kwenye rafu, mara ya tatu hutamwona.

Ngazi ni nzuri, kama una miguu

Nina rafiki ambaye haoni vizuri. Anaona vivuli na rangi, lakini herufi za kitabu kwake ni mchanga. Simu yake humsomea kila kitu kwa sauti, kwa kasi ambayo mimi siwezi kufuata hata neno moja. Ni mjanja wa simu kuniliko. Siku moja nilimwambia twende maktaba. Alicheka. "Nikafanye nini? Ninuse vitabu?"

Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 900,000 wenye ulemavu. Hao si wachache wa kusema tutawafikiria baadaye. Katiba ya 2010, Kifungu cha 7, inasema serikali itakuza matumizi ya Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali popote pa umma na kupata habari kwa njia anayoiweza. Kisha kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017. Huu unaruhusu vitabu vigeuzwe kuwa Breli, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki kila mara, na nchi zilizotia sahihi zibadilishane nakala hizo.

Kwa hivyo sheria iko. Wajuzi pia wako: Thika kuna shule ya vipofu ya tangu miaka ya 1940, na shirika la inABLE lilianzisha huko maabara za kompyuta kwa wanafunzi wasioona. Programu ya kusoma skrini inayoitwa NVDA ni ya bure kabisa. Inahitaji kompyuta moja, vipokea sauti, na mfanyakazi aliyefunzwa kwa siku chache. Si mabilioni.

Lakini ukiwa kwenye kiti cha magurudumu, hizo zote ni hadithi kama huwezi kupita mlangoni. Zile ngazi za simba ni nzuri sana kwenye picha. Waulize wanaotumia magongo.

Vitabu vikimfuata msomaji

Sasa nisije nikaonekana nalia tu. Wakenya tumewahi kufanya mambo ambayo dunia nzima ilikuja kuyatazama.

1996, KNLS ilianza maktaba ya ngamia huko Garissa, baadaye ikafika Wajir. Wazo lilikuwa rahisi. Wafugaji wanahama na mifugo, barabara ni mchanga, gari litakwama. Basi ngamia mmoja anabeba masanduku ya vitabu, mwingine anabeba hema, mikeka inatandikwa chini ya mti, watoto wanasoma. Hakuna aliyewaambia wafugaji wahamie mjini ndiyo wapate haki ya kusoma. Maktaba ndiyo iliyohama.

Tawi la KNLS la Kibera nalo lilileta tableti kwa watoto kupitia mradi wa Kids on the Tab. Badala ya kusema watoto wa mtaa wa mabanda watavunja, waliwapa.

Halafu kuna Book Bunk, shirika lililoanzishwa 2017 na wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Wameshirikiana na serikali ya Kaunti ya Nairobi kufufua McMillan na matawi yake mawili ya Eastlands, Kaloleni na Makadara. Wangeweza kuanza na jengo lenye simba, lile la kupigwa picha. Walikarabati kwanza yale ya mtaani.

Kaloleni si mtaa wa mchezo. Ulijengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, na ukumbi wake ulikuwa mahali pa siasa za kupigania uhuru. Kwamba maktaba ya pale ilipakwa rangi na kupewa meza na vitabu vya watoto kabla ya ile ya katikati ya jiji, hiyo kwangu ni siasa pia. Ni kusema watoto wa Eastlands hawatangojea makombo.

Ukiangalia ngamia, tableti na Kaloleni, unaona ni funzo moja. Wote walianza kwa kuuliza: nani hayuko hapa, na kwa nini? Kisha wakabadilisha huduma, hawakumlaumu asiyekuja.

Sasa sisi tufanye nini?

Jambo moja ambalo vijana wengi hatujui: chini ya Katiba, Jedwali la Nne, maktaba ni kazi ya kaunti. Iko palepale na viwanja vya michezo na makavazi. Kwa hivyo ukitaka kulalamika kuhusu saa za kufungua, ngazi au vyoo, kelele za mtandaoni kuhusu Rais hazitasaidia sana. MCA wako ndiye anayepitisha bajeti hiyo.

Na bajeti ina kalenda. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka huwasilishwa kufikia Septemba 1. Karatasi ya sera za fedha hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28. Makadirio yenyewe hufika kufikia Aprili 30, na mwaka wa pesa unaanza Julai 1. Kati ya tarehe hizo kuna vikao vya kutoa maoni ya wananchi, na Katiba inalazimisha viwepo. Mimi nimehudhuria kimoja. Ukumbi ulikuwa na wazee, kina mama wa chama, na watu wa mitaro. Vijana tulikuwa wanne. Barabara ilitajwa mara nyingi hadi nikachoka kuhesabu. Neno maktaba lilitajwa mara moja, na aliyelitaja ni mimi, sauti ikitetemeka.

Hatuhitaji kuomba makubwa. Jumamosi na jioni mbili kwa wiki maktaba iwe wazi. Wasio na kipato wasitozwe. Barua ya chifu, ya mzee wa mtaa au ya kiongozi wa dini ikubaliwe badala ya mdhamini mwenye payslip. Iwekwe kompyuta moja yenye sauti. Ujengwe mteremko mmoja wa saruji kando ya ngazi. Rafu ya Kiswahili na lugha zetu iwe mbele. Kuwe na pembe ya watoto ambapo kulia si kosa. Na soja afunzwe kwamba kazi yake ni kulinda watu walio ndani, si kuchagua wanaostahili kuingia.

Nawe mkutubi, kama unasoma hii, najua hali. Mko wachache, mshahara ni mdogo, na vitabu vipya vinakuja kama mvua ya Turkana. Si wewe uliyeandika ile fomu. Lakini wewe ndiye uliye dirishani mtu anapoishika.

Nasema hivyo kwa sababu yangu iliishia dirishani. Miezi kadhaa baada ya kuikunja, niliipata kwenye mfuko wa jaketi, imelowa na kukauka. Nikaenda nayo tawi lingine, mbali na kwetu. Mama aliyekuwa zamu aliisoma akafika kwenye ule mstari ulio wazi.

"Hapa hujajaza."

"Sina taasisi, mama. Niliacha chuo."

Sikujua nitegemee nini. Aliinyoosha karatasi kwa kiganja, akachukua kalamu yake mwenyewe, akaandika neno moja: mkazi. Akapiga muhuri. Kuhusu mdhamini akaniambia nilete barua ya mzee wa mtaa, nami nikaileta kesho yake.

Makala haya nimeyaandikia kwenye meza ya tawi hilo. Soketi hii nayo inafanya kazi moja kati ya tatu, usicheke. Rafiki yangu asiyeona vizuri bado hajaja, kwa sababu kompyuta yenye sauti bado haipo. Kikao kijacho cha bajeti tutaenda wawili, na safari hii yeye ndiye atakayeshika maikrofoni.